Jino, mashamba na zamu: hekalu la Kandy linavyosimama

Maandamano ya Esala yanapoingia barabarani mjini Kandy, Sri Lanka, usiku wa Julai au Agosti, wanaotangulia ni wapiga mijeledi. Wanaicharaza hewa mpaka ilie kama bunduki, njia ifunguke. Wanafuata wacheza moto na wabeba bendera, kisha anakuja tembo wa kwanza. Juu yake ameketi ofisa wa hekalu, na mikononi ameshika daftari. Watazamaji wengi hawamwangalii mara mbili, maana wanamngoja tembo mwenye pembe ndefu atakayekuja nyuma na kasha la dhahabu mgongoni. Lakini anayetaka kuelewa hekalu hili linavyofanya kazi aanze na huyu wa mbele. Daftari lile ni orodha ya mashamba ya hekalu na kazi ambayo kila mwenye shamba anadaiwa.

Hekalu lenyewe linaitwa Sri Dalada Maligawa, yaani Hekalu la Jino. Liko kwenye milima ya katikati ya kisiwa, kando ya ziwa ambalo mfalme wa mwisho wa Kandy aliamuru lichimbwe mwaka 1807. Ghorofani kimewekwa kitu ambacho Wabuddha wa huko wanaamini ni jino la Buddha mwenyewe, lililookolewa kwenye moto uliouteketeza mwili wake India ya kaskazini. Limo ndani ya makasha saba, moja ndani ya jingine, na lile la nje lina umbo la kengele na limefunikwa kwa mikufu na vito vya sadaka za karne kadhaa.

Wengi wanaoandika kuhusu mahali hapa huanza kwa kuuliza kama jino ni la kweli. Sitaingia huko. Hata ukilipata jibu, bado hutajua ni nani anapika wali wa jino, nani anapiga ngoma alfajiri, kwa nini rais mpya hana budi kupita hapo, wala kwa nini nyumba iliyoporwa na Waholanzi mwaka 1765, ikachukuliwa na Waingereza na kulipuliwa kwa bomu mwaka 1998 bado inafungua milango kabla jua halijachomoza.

Hati ya kutawala

Masimulizi ya Wasinhala, kabila kubwa kuliko yote kisiwani, yanasema jino lilifika kisiwani karne ya 4 kutoka Kalinga, mashariki ya India. Mfalme wa huko alipoona vita vinamwelemea, aliwakabidhi jino binti yake Hemamala na mkwewe Danta. Wawili hao wakavuka bahari wamejifanya mahujaji, jino likiwa limefichwa kwenye nywele za Hemamala. Mtawa wa Kichina Faxian, aliyefika Anuradhapura mwanzoni mwa karne ya 5, alikuta tayari kuna desturi ya kulitoa kila mwaka na kulitembeza mbele ya watu. Kwa hiyo maandamano ni ya kale kuliko hata mji wa Kandy.

Kadiri karne zilivyopita, jino likawa zaidi ya kitu cha ibada. Likawa hati ya kutawala: aliyelishika ndiye mfalme halali, na asiyekuwa nalo ni mtu mwenye jeshi tu. Mji mkuu ukihama, jino linahama nao. Kutoka Anuradhapura lilikwenda Polonnaruwa, likazunguka Dambadeniya, Yapahuwa, Kurunegala, Gampola na Kotte, na mwisho likafika Kandy. Karne ya 12 huko Polonnaruwa walinzi wake walikuwa Wavelaikkara, askari wa kukodiwa kutoka upande wa Watamil, na kiapo chao kimechongwa kwenye jiwe lililopo hadi leo. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila mtu anapodai kuwa historia ya jino ni ya kabila moja. Mwishoni mwa karne ya 13 jeshi la Wapandya wa India ya kusini lililichukua, na mfalme Parakramabahu III ikabidi aende kulirudisha kwa maneno, kwa kuwa kwa upanga hakuweza.

Wareno nao walidhani wamelimaliza. Mwaka 1560 gavana wao mkuu wa Goa, Dom Constantino de Bragança, alivamia Jaffna kaskazini mwa kisiwa na kurudi na jino. Goa ndiyo iliyokuwa makao yao makuu ya Bahari ya Hindi, na amri za pwani yetu pia zilitoka huko. Mfalme wa Pegu, katika nchi ambayo leo ni Myanmar, akaahidi mali nyingi kulikomboa. Viongozi wa kanisa wakakataa: jino likatwangwa kwenye kinu, likachomwa, majivu yakamwagwa mtoni. Wasinhala walilisikia hilo bila kutetereka. Lililotwangwa, wanasema, halikuwa lenyewe.

Lenyewe, kwa masimulizi yao, lilikuwa hekalu la Delgamuwa karibu na Ratnapura, limefichwa ndani ya jiwe la kusagia wimbi. Wimbi hilo ni hili hili la uji wetu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika, likavuka bahari zamani sana na kuwa chakula cha mkulima wa kawaida wa Sri Lanka. Nani angedhani kupekua kitu cha jikoni namna hiyo? Mfalme Vimaladharmasuriya wa Kwanza, aliyetawala Kandy tangu mwanzoni mwa miaka ya 1590, alilitoa huko na kulijengea nyumba kando ya jumba lake. Nyumba hiyo ilijengwa upya zaidi ya mara moja; ile iliyopo sasa kiini chake ni cha mfalme Narendrasinha, aliyefariki mwaka 1739.

Mswaki wa asubuhi

Milango ya ghorofani hufunguliwa mara tatu kwa siku: saa 11 na nusu alfajiri, saa 3 na nusu asubuhi na saa 12 na nusu jioni. Kabla ya hapo ua wa chini unatikisika. Wapiga ngoma wamevaa nguo nyeupe na mikanda mipana myekundu, vifua wazi. Mmoja ana ngoma ndefu ya pande mbili iliyoning'inia kiunoni, mwingine ana ngoma pacha anazozipiga kwa vijiti vilivyopinda, na juu yao linapanda zumari kali ambalo mtu wa Lamu au Pemba angelisikia bila kuona ajabu. Watu wanapanda ngazi pekupeku, wamevaa nyeupe, mikononi wana mayungiyungi na asumini. Foleni inapita mbele ya kidirisha. Unaweka maua mezani, unapata sekunde chache za kuona kasha kwa mbali, unasukumwa mbele.

Nyuma ya pazia, watawa wanamhudumia mwenye nyumba kana kwamba ameamka sasa hivi. Wanamtolea maji ya kunawa, kijiti cha mswaki, vazi, kipepeo cha kumpunguzia joto, kisha chakula. Ndiyo, mswaki kwa jino. Unaweza kutabasamu, lakini hakuna anayefanya mzaha pale. Mantiki inafuatwa mpaka mwisho wake. Wali na michuzi hutolewa kabla ya adhuhuri, kwa sababu mtawa wa Kibuddha hali chakula baada ya saa 6 mchana, na Buddha alikuwa mtawa. Jioni anapewa kinywaji tu. Kila Jumatano kuna huduma ya kuosha: kwa kuwa jino halitolewi hovyo, maji yenye manukato na dawa za miti humwagiwa kioo kinachobeba taswira yake, na maji hayo watu huyapeleka nyumbani wakiamini yana shifaa.

Hapa ndipo msomaji makini anapopaswa kukwama. Mafundisho ya Buddha yanasema amekwisha kuondoka. Hayupo mahali popote anapoweza kusikia ombi wala kula wali. Sasa chakula ni cha nani?

Jibu la mtawa ukimuuliza litakuwa kwamba sadaka ni kwa faida ya anayetoa. Kutoa, kunyenyekea na kutunza kunamletea mtoaji thawabu, na thawabu hizo anaweza hata kuwapelekea marehemu wake. Kuomba mtoto, kuomba kushinda kesi, kuomba mume aache pombe ni mlango mwingine kabisa. Ndiyo maana Hekalu la Jino halisimami peke yake. Ndani ya mji yako madhabahu manne ya miungu: Natha, Vishnu, Kataragama na mungu wa kike Pattini. Watatu wa mwisho wanaabudiwa na Wahindu pia. Mtu anaanza kwa Buddha kuweka maua na kusema aya, kisha anavuka ua kwenda kwa Pattini kueleza shida ya nyumbani. Haoni mgongano wowote. Buddha ni wa akhera, kwa maneno yetu, na miungu ni ya shughuli za dunia, nao wenyewe wanahesabiwa kuwa wafuasi wa Buddha wanaohitaji thawabu kama watu wengine.

Kwa anayeishi Dar es Salaam, sehemu ya mambo haya si mbali. Upanga kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia mapema karne ya 20, na mti mtakatifu wa bodhi uliopo pale una asili ya Sri Lanka. Lile ni dogo na halina jino wala tembo, lakini maua, nguo nyeupe na mwezi mpevu ni vilevile. Kule Sri Lanka kwenyewe kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa: ofisi zinafungwa na pombe haiuzwi. Kandy siku hiyo hujaa tangu usiku.

Nani anailipa ngoma?

Turudi kwenye daftari. Kwa karne nyingi jibu la swali hili lilikuwa kwamba ngoma hailipwi. Inapigwa kwa sababu babu wa babu wa mpigaji alipewa jaruba la mpunga na hekalu, na masharti ya jaruba hilo ni ngoma.

Wasomaji wa Pwani wataelewa haraka nikisema ni wakfu. Wafalme wa Kandy waliyatenga mashamba, na mara nyingine vijiji vizima, kwa ajili ya jino na kwa ajili ya miungu ile minne. Ardhi haikuuzwa. Familia iliilima na kuirithisha, na badala ya kodi ya fedha ilitoa kazi iliyotajwa kwa jina. Hawa wanapiga ngoma kwa zamu ya siku kadhaa. Wale wanaleta kuni. Wengine wanapika, wanafua vitambaa, wanasuka mikeka, wanaleta maua, wanatunza tembo, wanabeba mienge, wanacheza kwenye maandamano, wanaezeka paa. Kipande kimoja kinaweza kudaiwa mafuta ya kuwashia taa za hekalu tu, na kingine kidaiwe mtu mzima kwa usiku wote wa sherehe. Kilichoandikwa daftarini ndicho kinachodaiwa, na ardhi ikigawanywa kwa watoto, zamu nayo inagawanywa.

Uone uzito wake. Hekalu halikuhitaji hazina kubwa ya fedha ili liendelee. Lilihitaji mvua, mpunga na watu wanaojua siku yao. Ndiyo maana kati ya sherehe kubwa za mwaka kuna ile ya mchele mpya, mwezi Januari, ambapo mavuno ya mashamba ya hekalu huletwa kwa msafara mpaka mjini na jino hupewa kwanza kabla ya wengine. Na ndiyo maana jino linahesabiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Mwaka 1828 gavana wa Kiingereza, Edward Barnes, aliruhusu litolewe hadharani wakati wa ukame, na inasimuliwa kuwa gharika iliyofuata ilifika hadi watu wakaipa jina la maji ya jino.

Mfumo huu wa kazi kwa ardhi haukuwa wa hekalu peke yake. Ufalme wote ulikwenda hivyo, na uliitwa rajakariya, kazi ya mfalme. Waingereza waliufuta mwanzoni mwa miaka ya 1830 kwa sababu walitaka vibarua huru wa mashamba ya kahawa na barabara. Ila ardhi za mahekalu waliziacha. Mwaka 1870 ikatungwa sheria iliyomruhusu mwenye shamba kulipa fedha badala ya kazi, na zamu za kila kipande zikaandikwa upya na makarani wa serikali. Kitu kilichokuwa cha kukumbukwa kikawa cha kusomwa mahakamani. Mpaka leo migogoro ya nani anadaiwa nini inatatuliwa kwa kurejea maandishi hayo.

Msimamizi wa yote haya si mtawa. Anaitwa Diyawadana Nilame, mlei, ofisa aliyerithi kazi kutoka baraza la mfalme. Chini ya sheria ya mali za Wabuddha ya mwaka 1931 anachaguliwa kwa miaka 10. Wapigakura wake ni kundi dogo: watawa wakuu, wasimamizi wa madhabahu ya miungu, baadhi ya maofisa tawala wa wilaya. Unaweza kukisia kampeni zake zinavyokuwa. Watu wa koo zilezile za kale za milimani ndio wamekuwa wakikaa kiti hicho, na siasa za chama haziko mbali.

Ibada yenyewe iko mikononi mwa matawi mawili ya watawa, Malwatte na Asgiriya, ambayo hupokezana mwaka kwa mwaka. Kasha halifunguliwi na mtu mmoja. Funguo ziko kwa watatu: mkuu wa Malwatte, mkuu wa Asgiriya na yule mlei. Mmoja akigoma, hakuna linalofunguka. Ni mpango wa watu waliojua kabisa kwamba aliyeshika jino peke yake anaweza kudai kiti cha enzi.

Ufunguo mfukoni mwa Mwingereza

Tarehe 2 Machi 1815, katika ukumbi wa nguzo za mbao ulio hatua chache kutoka hekaluni, machifu wa Kandy walitia saini kumwondoa mfalme wao na kuikabidhi nchi kwa Uingereza. Walikuwa na sharti. Kifungu cha 5 cha mkataba kilisema dini ya Buddha haitaguswa, na kwamba ibada, watawa na mahekalu yake yatadumishwa na kulindwa. Machifu walilielewa neno hilo kwa namna waliyoizoea: mtawala mpya amechukua kazi za mtawala wa zamani, pamoja na kulitunza jino.

Maasi yalipozuka mwaka 1817, jino lilitoroshwa na watawa likaenda upande wa waasi. Waingereza waliliteka mwaka uliofuata, na daktari wao John Davy aliandika kwamba baada ya hapo watu walisema sasa Waingereza kweli ni wenye nchi. Maasi yalikufa, kwa sehemu kwa risasi na njaa, kwa sehemu kwa kasha.

Kilichofuata kina kichekesho chake. Kwa miongo kadhaa serikali ya Kikristo ilikuwa na ufunguo wa Hekalu la Jino. Ofisa wake alihusika katika uteuzi wa watawa wakuu, na askari wake walilinda mlango. Wamisionari walichukia. Kelele zao zilifika London, na mwaka 1847 serikali ikaanza kujivua mzigo huo na kuwakabidhi wakuu wa watawa na wasimamizi. Mwaka 1848 yakatokea maasi mengine, ufunguo ukarudi haraka mfukoni, kisha mwaka 1853 ukatolewa moja kwa moja. Wabuddha wengi hawakufurahia uhuru huo. Kwao ilikuwa mkataba umevunjwa: kama hakuna wa kulazimisha zamu zifuatwe na wa kumuadhibu msimamizi mwizi, ardhi zitaliwa. Na kweli zililiwa nyingi, na sheria ya 1931 ni juhudi ya kuchelewa ya kuziba mwanya huo.

Ukisikia leo kwamba katiba ya Sri Lanka, kifungu cha 9, inaupa Ubuddha nafasi ya kwanza na kuiagiza serikali iulinde, usidhani ni jambo lililobuniwa na wanasiasa wa mwaka 1978. Ni mwangwi wa kile kifungu cha 5. Marais wapya huhutubia taifa kutoka kwenye mnara wa pembe nane uliojengwa mbele ya hekalu na mfalme wa mwisho, na mwaka 2020 baraza zima la mawaziri liliapishwa kwenye ukumbi ule ule wa nguzo za mbao.

Walio juu, walio chini, walio nje

Picha za watalii zinapendeza, na ningekuwa nawadanganya kama ningeishia hapo. Zamu zilipangwa kwa tabaka. Wapiga ngoma ni wa tabaka la Berava, ambalo jadi liliwekwa chini, na sauti yao iliruhusiwa kupanda mahali ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa. Matawi ya Malwatte na Asgiriya ni ya Siyam Nikaya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1753 baada ya ukoo wa watawa kukatika kisiwani, mfalme Kirti Sri Rajasinha alipomwita mtawa Upali kutoka Siam, Thailand ya leo, akaja kwa meli ya Waholanzi. Baada ya muda mfupi, ikawa anayeweza kupewa daraja kamili ni mwana wa tabaka la wakulima, Govigama, tu. Watu wa pwani walioachwa nje, wakiwemo wa tabaka la wamenya mdalasini, walisafiri Burma na kurudi na jumuiya yao mnamo 1803. Mgawanyiko huo upo hadi sasa, katika dini ambayo mwanzilishi wake alilikataa tabaka.

Kirti Sri mwenyewe alikuwa mtu wa nje. Ukoo wake wa Nayakkar ulitoka India ya kusini, na mwaka 1760 baadhi ya wakuu na watawa walikula njama ya kumuua. Alinusurika, na akazidi kujenga, kupaka picha na kutoa ardhi. Katika enzi yake ndipo maandamano ya Esala yalipochukua sura ya sasa. Kabla ya hapo yalikuwa ya miungu ile minne. Watawa wa Siam walishangaa kuona Buddha hayumo, basi jino likawekwa mbele na miungu ikafuata nyuma. Leo jino lenyewe halitoki, tembo hubeba kasha mbadala.

Maandamano yanaanza kwa kukata mfenesi mchanga na kuusimika kwenye madhabahu yote manne, kisha usiku baada ya usiku msafara unakua. Mienge inachomwa kwa mbata, na harufu ya nazi inayoungua inashika nguo kwa siku nzima. Kitambaa cheupe kinatandikwa barabarani ili tembo mwenye kasha asikanyage lami. Tembo Raja, aliyeifanya kazi hiyo kwa miongo mingi, alipokufa mwaka 1988 alikaushwa, na amewekewa jumba lake ndani ya uwanja wa hekalu. Watetezi wa wanyama wana maswali mazito kuhusu minyororo na lami ya moto, na sidhani jibu la kwamba ni mila linatosha.

Wacheza ngoma wanaopita mbele ya kamera ndio walewale wa daftarini, au wana wao. Wengine siku hizi wanafanya kazi Colombo au Ghuba, na zamu inapofika wanalipa au wanamtuma ndugu. Ada ya kukodi wacheza imeingia. Shamba dogo lililogawanywa vizazi vitano halimlishi mtu, na kijana anauliza kwa haki kabisa kwa nini adaiwe ngoma kwa kipande cha ardhi kisichotosha kulaza ng'ombe. Lakini wengine wanang'ang'ania zamu hata baada ya ardhi kukosa maana, kwa kuwa jina la familia kwenye maandishi ya hekalu ni heshima isiyonunuliwa.

Kuhusu majirani Waislamu: enzi za wafalme wa Kandy walikuwa wakiendesha misafara ya ng'ombe wa mizigo katika idara ya usafiri ya mfalme, na babu zao wengi walipata hifadhi milimani Wareno walipowafukuza pwani. Wakatoliki nao walijificha hapo walipokimbia Waholanzi. Mwezi Machi 2018, hata hivyo, makundi ya Wasinhala yalichoma nyumba, maduka na misikiti ya Waislamu wilayani Kandy, na hali ya hatari ikatangazwa nchi nzima. Miaka saba baadaye, jino lilipotolewa hadharani kuanzia tarehe 18 hadi 27 Aprili 2025, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16, malaki ya watu walifurika mpaka polisi wakawaomba wengine wasije. Foleni zililala barabarani. Wenyeji wa Kandy, Waislamu wakiwemo, waligawa chakula na maji. Mambo yote mawili ni ya mji uleule.

Na bado kuna barabara. Tarehe 25 Januari 1998 lori la mabomu la Tamil Tigers, wapiganaji wa Kitamil waliokuwa vitani na serikali wakidai nchi yao, lililipuka kwenye lango, siku chache kabla ya sherehe za miaka 50 ya uhuru zilizokuwa zifanyike hapo. Zaidi ya watu 10 walikufa. Uso wa hekalu ulivunjika, chumba cha jino hakikuguswa, na mafundi walirudisha nakshi jiwe kwa jiwe. Sherehe zikahamishiwa Colombo. Barabara iliyopita mbele ya hekalu ilifungwa kwa magari, na vita vilipokwisha mwaka 2009 haikufunguliwa. Mji uko bondeni, njia ni chache, basi mabasi yote yanabanwa upande wa pili wa ziwa. Wenye maduka na madereva wanataka ifunguliwe. Wakuu wa Malwatte na Asgiriya wamekuwa wakipinga. Mpaka sasa anayetoka kwenye lango kuu anaenda kutafuta basi kwa miguu.